Kampuni ya chakula inapokikimbia chakula

Katika masoko mengi ya Kenya, mnunuzi wa mahindi au maharagwe hapimiwi kwa mizani. Hupimiwa kwa gorogoro. Chombo hicho, kama ajuavyo kila mwalimu wa hesabu aliyewahi kwenda sokoni, hakikuundwa kiwe kipimo. Ni mkebe mtupu wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, aghalabu wa Kimbo, Cowboy au Kasuku, uliohifadhiwa baada ya mafuta kwisha ukapewa kazi nyingine. Wachuuzi wenye hila huugonga kitako kikabonyea ndani, naye mnunuzi huondoka na punje chache kuliko alizolipia, ilhali bei haikubadilika hata senti moja. Nitaurudia mkebe huo uliobonyezwa, kwa maana mambo ya London na Rotterdam yanafanana nao kuliko inavyodhaniwa.

Kimbo na Cowboy zilikuwa bidhaa za East Africa Industries, kampuni iliyowazoeza Wakenya Blue Band, Royco na Omo, na ambayo baadaye ilichukua waziwazi jina la mwenyewe, yaani Unilever. Mwaka 2002 Unilever iliziuza Kimbo na Cowboy kwa Bidco ya Thika. Mwaka 2018 ikauza takriban biashara yake yote ya majarini duniani, Blue Band ikiwemo. Mwaka 2022 ikauza sehemu kubwa ya biashara ya majani chai, pamoja na mashamba ya Kericho. Desemba 2025 aiskrimu nayo ikatengwa, ikawa kampuni mbali ambayo hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la Amsterdam. Mtu aliyekunywa chai na kula mkate wa kupakwa nchini humu miaka ya themanini alikuwa akimlipa bwana mmoja. Leo mtu huyo huyo, mezani pale pale, analipa mabwana watatu au wanne, na hajaarifiwa.

Mwendo huu umepewa majina mazuri. Huitwa kujipanga upya, au kurejea kwenye kiini cha biashara, au kuelekeza nguvu kwenye bidhaa chache zenye uwezo. Oktoba 2023 mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Hein Schumacher, alitangaza kwamba kampuni itazikazia macho bidhaa 30 ambazo kwa jumla zilikuwa zikileta zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yake. Machi 2024 ukafuata mpango wa kuitenga aiskrimu na kupunguza takriban nafasi 7,500 za kazi duniani, nyingi zikiwa za maofisini, ili kuokoa kiasi cha Euro milioni 800 katika miaka mitatu. Sina ugomvi na kampuni inayotaka kuishi. Ninachotaka kukichunguza ni nani anayeubeba mzigo pale kampuni inapoutua.

Kwanza ni lazima tukumbuke kwamba kampuni hii haikuzaliwa ikiuza vipodozi, kisha ikapotea njia hadi jikoni. Mizizi yake imo ndani ya mafuta. Mwaka 1869 mkemia Mfaransa, Hippolyte Mège-Mouriès, alibuni majarini baada ya Napoleon III kutaka kipatikane kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi kwa wanamaji na watu wa tabaka la chini. Familia mbili za wafanyabiashara wa siagi katika mji wa Oss huko Uholanzi, Jurgens na Van den Bergh, ziliuchukua uvumbuzi huo zikatajirika, na mwaka 1927 zikaungana. Uingereza nako William Lever alikwisha kujenga himaya yake kwa sabuni ya Sunlight. Sabuni na majarini ni vitu ambavyo hakuna mlaji angependa vichanganywe, lakini viwanda vyake viligombea malighafi ile ile: mafuta ya mawese, ya nazi, na wakati huo hata ya nyangumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya mapatano ya 1929 yaliyoizaa Unilever, ikaanza kazi Januari 1930. Kwa maneno mengine, Unilever iliundwa kama jibu kwa gharama ya mafuta.

Jibu la enzi hiyo lilikuwa kukishika chanzo. Kuanzia 1911 Lever alipewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, akaupa jina lake mji wa Leverville, ambao leo ni Lusanga, na michikichi hiyo ilivunwa kwa kiasi kikubwa na watu waliolazimishwa. Ukoloni ulikuwa sehemu ya hesabu za kiwanda. Miaka karibu mia moja baadaye, mwaka 2009, biashara hiyo ya Kongo iliuzwa. Hapo ndipo mantiki ilipogeuka juu chini. Babu alipoona mafuta yanapanda bei, alikwenda kuimiliki michikichi. Mjukuu aonapo mafuta yanapanda bei, huuza michikichi, kisha kiwanda, kisha mkebe wenyewe, akabaki na vile vitu ambavyo mteja hulipia jina na harufu kuliko uzito wake.

Na kwa hakika mafuta yamepanda. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, ulimwengu ulitambua kwa mshtuko kwamba nchi hiyo moja ilikuwa ikitoa takriban nusu ya mafuta yote ya alizeti yanayouzwa nje. Wanunuzi walikimbilia mawese. Machi mwaka huo tani moja ya mafuta ghafi ya mawese ilivuka ringgit 7,000 katika soko la Malaysia, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Tarehe 28 Aprili Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ikapiga marufuku kuyauza nje, na marufuku hiyo ikadumu hadi 23 Mei. Kenya inaagiza mafuta ghafi kutoka nchi hizo mbili na kuyasafisha hapa, kwa hivyo kila tukio la Jakarta hufika katika kikaango cha Kakamega. Juu ya hayo, yalilipwa kwa dola wakati shilingi yetu ilikuwa ikididimia, hadi ikavuka 160 kwa dola moja Januari 2024 kabla ya kujiinua tena.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa uchumi, na wasomaji wataniwia radhi nikiingia darasani kwangu kidogo. Magazeti yetu huandika kila siku kwamba bei zimepanda. Tulitazame tendo hilo. Kupanda ni kitenzi kisichohitaji mtenda mwingine: jua hupanda, homa hupanda, mtoto hupanda mti. Ukisema bei zimepanda, umeipa bei miguu. Lakini Kiswahili kina mnyambuliko mwingine, kupandishwa, ambao hautulii mpaka msomaji aulize, "Zimepandishwa na nani?" Lugha imetupa vyote viwili, na mwandishi anapochagua kimoja amekwisha kutoa hukumu, ajue asijue.

Chukua hesabu za Unilever zenyewe za mwaka 2022. Bei za bidhaa zake kwa wastani ziliongezeka kwa asilimia 11.3, nacho kiasi cha bidhaa zilizouzwa kikapungua kwa asilimia 2.1. Kwa kuwa ongezeko la kwanza lilikuwa kubwa kuliko upungufu wa pili, mauzo ya mwaka yalikua kwa asilimia 9. Bei ya mawese ilipanda, na hapo kitenzi ni cha haki, kwa sababu vita, hali ya hewa na amri za serikali zilichangia bila ya mmoja kuwa na usukani. Bei ya sabuni na ya mchuzi wa pakiti ilipandishwa. Watu walikaa kwenye halmashauri wakaamua. Aidha, ule upungufu wa asilimia 2.1 si tarakimu tupu. Ni mama aliyerudisha pakiti rafuni, ni familia iliyochovya mkate katika chai mkavu. Walipunguza wao, kwa kujinyima, na kwenye taarifa za wenyehisa kitendo chao huitwa kushuka kwa kiasi, kana kwamba kiasi nacho kina miguu.

Wanafunzi wanaojiandaa kwa karatasi ya lugha wangefaidika kuzisoma taarifa za makampuni kwa jicho hilo. "Nafasi za kazi zitaathiriwa" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. "Kazi zimepotea" ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa kilichopotea huenda kikaonekana tena chini ya kitanda.

Nirudi kwenye mauzo. Ni nini kilichoisukuma kampuni iliyozaliwa na majarini kuiuza majarini? Sababu moja ni hofu. Februari 2017 Kraft Heinz, ambayo nyuma yake walikuwapo kampuni ya uwekezaji ya 3G Capital na tajiri Warren Buffett, ilitaka kuinunua Unilever yote kwa dola bilioni 143. Ombi liliondolewa baada ya siku mbili tu, lakini ujumbe ulikuwa umefika: usipozikata gharama zako wewe mwenyewe, atakuja mtu mwingine azikate, na wewe ukiwa ndani. Aprili mwaka huo Unilever ikatangaza kwamba majarini itaondoka. KKR ya Marekani ilikubali kulipa takriban Euro bilioni 6.8, na Julai 2018 biashara hiyo ikaanza maisha mapya kwa jina la Upfield, ambayo tangu 2024 inaitwa Flora Food Group. Inafaa kuongeza kwamba Februari 2019 Kraft Heinz hiyo hiyo, bingwa wa kukata gharama, ilikiri kwamba thamani ya bidhaa zake ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi, ikafuta dola bilioni 15.4 vitabuni mwake. Ukikata sana, kuna siku kisu hufika mfupani.

Sababu ya pili inatugusa moja kwa moja. Majarini ilikuwa ikikosa wateja Ulaya na Marekani, ambako watu walikuwa wakirudia siagi. Hapa kwetu hali ilikuwa tofauti. Blue Band ilikuwa bado kifungua kinywa cha watoto wa shule, ikitangazwa kwa vitamini zake, na tangu 2012 sheria yetu inawalazimu watengenezaji wa mafuta ya kupikia kuyaongeza vitamini A. Hata hivyo hatima ya mkebe ule wa manjano na buluu iliamuliwa na kiamsha kinywa cha Mholanzi na Mwingereza. Nionavyo mimi, hilo ndilo jambo ambalo wanafunzi wa elimu ya biashara hawafundishwi ipasavyo. Bidhaa yaweza kustawi Nakuru na bado ikauzwa kwa kuwa imenyauka Birmingham.

Je, tulipata hasara? Kwa Blue Band, sioni kwamba dunia ilianguka. Kwa Kimbo na Cowboy naweza kudai kinyume: kuondoka kwa kampuni ya kigeni kuliipa kampuni ya Kenya nafasi ya kukua ikauza mafuta nje ya mipaka yetu. Wanaolia kila mara mgeni aondokapo wakumbuke Thika. Si kila mauzo ni msiba.

Lakini majani chai si mkebe. Mkebe huweza kubadilisha jina la mwenye kiwanda pasi na kumuumiza mtu. Shamba lina watu wanaoishi humo, lina zahanati, shule, makaburi, na lina madai ya wale waliokuwapo kabla yake. Brooke Bond ilianza kulima chai Kericho miaka ya ishirini, katika ardhi ambayo jamii za Wakipsigis na Watalai zinasema hadi leo ziliondolewa kwa nguvu. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984. Novemba 2021 ilikubali kuiuza biashara ya chai kwa CVC Capital Partners kwa Euro bilioni 4.5, na Julai 2022 makabidhiano yakakamilika. Mei 2024 mwenyewe mpya, ambaye sasa alikuwa akijiita Lipton, alitangaza kuwauzia Browns Investments ya Sri Lanka mashamba yake ya Afrika Mashariki. Jina lililo kwenye pakiti na shamba lililozaa jani vikaachana. Lipton ilibaki na jina, kwa kuwa jina ndilo lenye faida. Shamba, ambalo lina mishahara, mvua na migomo, likapewa mwingine.

Nichukue mfano mmoja ambao nadhani unasema mengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, shamba la Unilever la Kericho lilivamiwa. Wafanyakazi, wengi wao wakiwa wa makabila yaliyoonekana kuwa ya wageni pale, walipigwa, wakanajisiwa, na wengine wakauawa. Wakenya 218, wafanyakazi pamoja na jamaa zao, walifungua kesi London wakidai kwamba kampuni mama ilikuwa na wajibu wa kuwalinda, kwa kuwa hatari ile ilitabirika. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwakatalia. Kwa ufupi, majaji waliona kwamba usalama wa shamba ulikuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya Kenya, na kampuni mama haikuuelekeza kiasi cha kubebeshwa lawama. Mwezi huo huo wa Julai 2018 ndipo majarini zilipokabidhiwa KKR. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano wa siri. Nasema kwamba ikiwa ilikuwa vigumu kwa mchuma chai kuufikia mkono wa mwenye mali wakati mkono huo ulikuwa umeunganishwa na bega, basi fikiria hali ilivyo baada ya mkono kuuzwa mara mbili.

Matukio ya 2023 yalidhihirisha jambo hilo. Februari mwaka huo uchunguzi wa BBC ulifichua unyanyasaji wa kingono wa wanawake katika mashamba ya Kericho, yakiwemo yaliyokuwa ya Unilever kwa miaka mingi. Unilever ilieleza masikitiko yake, ila mashamba yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa CVC. Mei mwaka huo huo vijana wenye hasira walizichoma mashine za kuchuma chai, na ghasia hizo zikagharimu maisha. Mashine ni jibu la gharama, kama vile kuuza kulivyokuwa jibu la gharama. Mwenye shamba asiye na jina la kuuza, anayepata faida kwa kilo tu, ana njia chache za kupunguza matumizi, na iliyo karibu zaidi ni mkono wa binadamu. Ndiyo sababu nasema kwamba kulitenga shamba na jina si jambo la makaratasi. Mwenye jina angeona haya mbele ya wateja wake wa Ulaya, na haya hiyo ilikuwa kinga, japo hafifu.

Sasa ule mkebe uliobonyea. Gharama zinapopanda, kampuni ya chakula yaweza kupandisha bei, ambapo mteja hulalamika, au yaweza kuiacha bei na kupunguza uzito, ambapo mteja halalamiki kwa sababu hajui. Pakiti ya gramu 500 huwa 450, nayo rangi ikabaki ile ile. Hii si hila ya nchi moja, na si kosa la jinai ikiwa uzito umeandikwa, hata kama umeandikwa kwa herufi za kuwapa kazi wenye miwani. Kwa wanunuzi wetu wa vipimo vidogo vidogo, wale wa uchumi wa kadogo, athari yake ni kali zaidi. Pakiti ya shilingi kumi haiwezi kuwa ya shilingi kumi na moja, kwa kuwa mteja ana sarafu ya kumi mkononi, kwa hivyo kinachobaki kupunguzwa ni yaliyomo. Walimu wa hesabu wa shule za msingi wana somo tayari hapo: watoto walete pakiti tupu kutoka nyumbani, wagawanye bei kwa gramu, kubwa kwa ndogo, ya mwaka huu kwa ya mwaka jana ikiwa ipo. Nilipowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi hilo, ili tu tujadili lugha ya vifungashio, hawakutaka tena kujadili lugha.

Serikali haiwezi kujivua katika haya. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 na mafuta ya mimea ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Mapendekezo hayo yaliondolewa Juni mwaka huo huku vijana wakiwa barabarani, na mswada mzima ukafuata. Ni ajabu kwamba serikali iliyokuwa ikiyaona mafuta yakivuka bahari kwa bei ile ilidhani kwamba yangeweza kubeba mzigo mwingine bandarini.

Liko lililo ndani ya uwezo wa nchi hii, nalo halihitaji sheria mpya. Sheria ya Ushindani ya 2010 inaitaka Mamlaka ya Ushindani, inapopima muungano au ununuzi wa makampuni, izingatie pia athari zake kwa ajira, na mamlaka hiyo imewahi kuyawekea masharti mauzo ili kazi za watu zilindwe. Masharti ya kazi, hata hivyo, hudumu kwa muda, kisha huisha. Kwa shamba lenye madai ya ardhi, madai ya 2007 na madai ya wanawake wa 2023, swali linalopaswa kujibiwa kwa maandishi kabla ya muhuri kugongwa ni hili: kila dai kati ya hayo linakwenda na nani? Anayeuza au anayenunua? Jibu likiwa hakuna, mauzo yangoje. Na jibu hilo lichapishwe kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, likabandikwe pale wachuma chai wanapopimia majani yao.